Gari lisilo na baba lipewe namba gani?

Sisi tuliozaliwa Lamu hatukulelewa na motokaa. Tulikuta punda kwa mamia, na gari la Mkuu wa Wilaya likipita ukingoni mwa bahari. Gari hilo halikuhitaji namba ili litambulikane, kwani halikuwa na la pili la kufananishwa nalo. Kwa hivyo natumai wasomaji wataniwia radhi ikiwa leo, katika ukurasa huu uliozoea habari za mashairi, ngoma na ada za arusi, nitazungumza habari ya kibao cha namba ya gari. Nimerejea juzi kutoka Garissa, na jambo nililolikuta huko si la chuma peke yake.

Nilikwenda kwa arusi ya jamaa, kwa njia ya Garsen na Hola. Siku ya Jumatano, ambayo ndiyo siku kubwa ya mnada wa mifugo, mwenyeji wangu alinichukua kutazama soko lile la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika ya Mashariki. Tulipotoka huko, vumbi likiwa limetujaa mpaka kwenye kope, tulipumzika chini ya mgunga katika karakana ya fundi mmoja. Jina lake sitalitaja, kwa sababu shughuli yake haijakwisha na sipendi kumtia mashakani.

Fundi huyo ametengeneza gari. Sisemi kwamba amelitengeneza lililoharibika, la. Ameliunda, kama vile mafundi wa kwetu Matondoni waundavyo jahazi, kwa kupima kwa jicho na kusahihisha kwa mkono. Chesisi ni ya Land Rover ya zamani iliyokuwa imelala miaka mingi nyuma ya nyumba ya mtu. Injini ni ya dizeli, imetoka katika pikapu ya Toyota. Viti ni vya matatu iliyopinduka. Bodi ameikata kwa mabati na kuichomelea mwenyewe, na milango imeshikwa na bawaba za milango ya nyumba. Miaka minne amelishughulikia, usiku, baada ya kazi za watu, na kila shilingi iliyosalia baada ya unga na ada ya skuli imeingia humo. Nia yake ni kuchukua maji na wagonjwa katika vijiji ambavyo matatu hazifiki. Nililipanda. Tulizunguka nalo mara tatu ndani ya kiwanja chake, na likatii usukani kama ngamia aliyefundishwa.

Nyuma, chini ya taa, palikuwa na nafasi tupu, na tundu mbili za skurubu zimekwisha tobolewa. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hapa hapana kitu?"

Akacheka kidogo, akanijibu, "Maalim, hapo ndipo niliposhindwa. Gari nimelimaliza, lakini namba yake sijui ni ipi."

Basi pakazuka baraza, na chai ya maziwa ikaletwa. Wa kwanza kusema alikuwa dalali wa magari. Yeye alisema kwamba amjua mtu ambaye gari lake liliteketea njiani, na kitabu chake cha gari, ile logibuku, kingalipo pamoja na vibao vyake viwili, namba ya KC. "Vifunge hivyo," alisema, "na gari lako litakuwa la juzi, na bei yake itapanda siku hiyo hiyo." Wa pili, kijana aliyesoma Nairobi, alishauri ipigwe hesabu ya gari jipya kabisa na iombwe namba mpya ya KD, kwani gari hili halijapata kuonekana duniani. Wa tatu alisema lirudishiwe namba ya ile Land Rover iliyotoa chesisi. Wa nne alikuwa mcheshi. Alisema, "Litie Z, ulifunge nyuma ya punda!" Watu wakacheka sana, maana Z ni herufi ya matrela.

Kwa asiyejua, kibao cha Kenya ni kitabu kidogo, na inafaa tukisome kabla ya kuamua ni nani aliyesema kweli. Sisi wa makamo twakumbuka vibao vyeusi vyenye herufi nyeupe, herufi tatu na tarakimu basi. Mwaka 1989 mtindo huo ulibadilishwa, ikaanza KAA 001A, yaani herufi tatu zianzazo na K, tarakimu tatu, kisha herufi moja mwishoni. Herufi I na O ziliachwa, zisije zikadhaniwa moja na sufuri. Kwa hesabu hiyo kila herufi tatu za mwanzo zatosha karibu magari 24,000. KBA ilifika mwaka 2007, KCA mwaka 2014, na KDA mwaka 2020. Ndiyo sababu dalali yule aliona KC ni mali.

Lakini angalia jambo moja. Magari mengi yanayoingia nchini ni yaliyotumika Japani, na sheria yaruhusu gari ambalo halijapita miaka minane. Gari lililotembea miaka saba huko likishuka bandarini Kilindini hupewa namba mpya kama mtoto mchanga. Basi namba ya Kenya haisemi gari lilizaliwa lini. Yasema liliandikwa lini daftarini.

Kisha kuna namba za ukoo. Gari la serikali huanza na GK. La balozi lina kibao chekundu chenye CD. La jeshi la nchi kavu lina KA katikati ya tarakimu. Pikipiki zina KM, mashine nzito zina KHM, na matrela ndiyo hayo ya Z. Hata serikali za kaunti zina zao, na ukiona 07 CG ujue ni gari la Kaunti ya Garissa, kwa kuwa Garissa ni ya saba katika hesabu ya kaunti 47, kama vile Mombasa ilivyo ya kwanza na Lamu ya tano. Nilizipitia zote hizo kichwani nikiwa pale chini ya mgunga, wala sikuiona herufi ya gari la kujiundia.

Tena Garissa si mji wa kufanya mzaha na gari lisilojulikana. Huu ni mji ulioshuhudia watu 148 wakiuawa katika chuo kikuu chake tarehe 2 Aprili 2015. Polisi wa vizuizini hutazama kibao kabla hawajamtazama dereva. Na tangu tarehe 30 Agosti 2022, alipozindua vibao vipya Dakta Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, vibao vimetiwa alama za siri ili visighushiwe kwa urahisi. Vibao vyenyewe hutengenezwa na wafungwa katika Gereza la Kamiti. Ajabu ya mambo ni hiyo, kwamba ruhusa ya gari kutembea nchi nzima hupigwa muhuri na mtu asiyeruhusiwa kuvuka ukuta.

Aliyenyamaza muda wote huo alikuwa mzee mmoja mfugaji, ambaye fundi alimwita adeer, yaani ami. Alipomaliza chai yake alisema kwamba sisi twajisumbua bure, kwani jambo hili Wasomali walikwisha lihukumu kabla motokaa hazijaumbwa. Kibao cha gari kwa Kisomali chaitwa taargo, nalo ni neno la Kitaliano waliloliacha wale waliotawala ng'ambo ya mpaka. Lakini maana yake ni ya kale, maana yake ni summad, ile chapa ya moto apigwayo ngamia ili ijulikane ni wa ukoo gani. Waarabu huiita wasm. "Ukimnunua ngamia kwa watu wengine," alisema mzee, "je, utaichuna ngozi ili ufute chapa yao? Hufuti. Wamtia yako kando ya ile ya kwanza. Mtu akimwona kisimani asoma chapa mbili, na ajua alitoka wapi na sasa yuko kwa nani. Ngamia aliyefutwa chapa ni ngamia wa wizi, hata akiwa na bwana mwenye mali."

Baraza likanyamaza. Nami nikaona kwamba mzee yule, bila ya kujua kusoma Sura ya 403, alikuwa amefasiri Sheria ya Trafiki. Kwa sheria yetu gari haliruhusiwi barabarani bila ya kuandikishwa, na namba ni ya gari, si ya mtu. Likiuzwa, huenda nayo. Likibadilishwa injini, bodi au rangi, mwenyewe ana wajibu wa kuarifu ili daftari lisahihishwe. Yaani chapa ya kwanza hubaki, na ya pili huandikwa kando yake. Kazi hiyo sasa iko mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, maarufu kwa herufi NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Wenzetu Waingereza, ambao watu wao hupenda kununua gari la vipande na kuliunga nyumbani kama burudani ya jioni, walilifikiri jambo hili kwa undani. Kwa kanuni zao, aliyeunga gari kwa vipande vipya kutoka kiwandani hupewa namba mpya ya mwaka ule. Aliyetumia chesisi mpya na viungo vikubwa viwili vya gari moja la zamani, akaweza kuthibitisha, hupewa namba ya umri wa gari lile la zamani. Na yule ambaye gari lake limetoka huku na huku, umri wake haujulikani na asili yake haithibitiki, hupewa kibao kinachoanza na herufi Q, mtindo uliowekwa mwaka 1983. Kabla ya yote hayo lazima gari likaguliwe breki, taa na usukani. Mwenye Q haruhusiwi kuificha kwa kununua namba ya fahari. Wengi huichukia herufi hiyo, kwani yapunguza bei, na kila apitaye aijua maana yake.

Lakini mimi niliposikia habari ya Q nilikumbuka chuoni, tulipofundishwa Sura ya Ahzab. Humo twaamrishwa watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na ikiwa baba zao hawajulikani, basi wao ni ndugu zetu katika dini. Hatukuambiwa tuwatungie baba. Hatukuambiwa tuwafukuze. Q ni hukumu ya namna hiyo. Gari halijulikani baba yake, lakini limekaguliwa, ni zima, basi lipite barabarani pamoja na ndugu zake. Ni jina dogo, ila si la uwongo.

Shauri la dalali ndilo la kumtungia mtoto baba, tena baba aliyekufa. Sisi watu wa pwani tulikwisha liona hilo katika majahazi. Katika karne ya 19, manahodha wa Sur, katika Omani, walichukua bendera ya Ufaransa wakaipandisha juu ya majahazi yao, ili manowari za Waingereza zilizokuwa zikisaka watumwa zisiwasimamishe. Ugomvi ukawa mkubwa baina ya mataifa mawili hata ukafika mbele ya waamuzi wa kimataifa mjini The Hague. Mwaka 1905 waliamua, pamoja na mambo mengine, kwamba ruhusa ya kupandisha bendera ile haihamishwi kwa mtu mwingine, wala kwa chombo kingine, hata kikiwa cha mwenye yule yule. Chombo kikifa, bendera yake yafa nacho. Namba ya gari lililoteketea nayo yatakiwa izikwe pamoja na gari.

Na shauri la kijana wa Nairobi, kwamba liitwe jipya? Lina ladha, kwa kuwa fundi amestahiki heshima hiyo. Wala tusidanganyike kwamba magari ya viwandani yetu yamekuja mazima. Tangu miaka ya 1970, katika kiwanda cha AVA kule Mombasa na kile cha Leyland kilichoanzishwa Thika mwaka 1974, magari yamekuwa yakiungwa kwa vipande vilivyoletwa kwa meli katika masanduku. Land Rover nyingi za Kenya ziliungwa Thika kwa njia hiyo. Huenda hata chesisi ya fundi wetu ilianza maisha yake sandukuni. Tofauti ni kwamba masanduku yale yalikuja na karatasi zake, kila kipande na ushahidi wake. Fundi ana mkono wake tu, na mkono hautoi risiti. Akisema gari lote ni jipya, chesisi itamkadhibisha.

Nimesema mwanzo kwamba jambo hili si la chuma peke yake. Mwaka ule ule wa 1989 magari ya Kenya yalipopewa namba za mtindo mpya, serikali iliwaamrisha Wasomali wa nchi hii, wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wakahojiwe upya uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pili ya kutembea nayo juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Mzee yule wa ngamia alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba aliulizwa ukoo wake, ukoo wa babake, na ni nani ashuhudiaye kuwa alizaliwa upande huu wa kisima. Miaka mingi baadaye vijana wa Garissa, Wajir na Mandera waliendelea kuhojiwa kwa namna ambayo kijana wa Nyeri hakuhojiwa, na wako waliokaa bila ya kitambulisho kwa kuwa majina yao yalionekana katika daftari za wakimbizi wa Dadaab. Ni Februari 2025 tu, akiwa Wajir, ndipo Rais William Ruto alipotia saini tangazo la kuondoa uchunguzi huo wa ziada katika kaunti za mpakani.

Watu walioishi hivyo wajua uzito wa swali, "Wewe ni wa nani?" Wajua pia kwamba swali hilo likiulizwa kwa dhuluma, humfundisha mtu kusema uwongo. Ukimfungia mwenye haki mlango wa mbele, dalali hufungua wa nyuma. Fundi wetu hakutaka namba ya gari lililoteketea. Aliifikiria kwa sababu hakujua kama ukweli una mlango.

Hapo ndipo ninapokuwa na neno na wakubwa. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wabuni gari la Kenya, hata likiwa baya wa sura na zito wa mwendo. Walifanya kazi kwa bidii, na magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa mwaka 1990, yakiweza kufikia kilomita 120 kwa saa. Fedha hazikupatikana, na mradi ukalala. Tanzania ina Nyumbu yake kule Kibaha. Uganda ilitoa Kiira, gari la umeme la Chuo Kikuu cha Makerere, mwaka 2011. Hayo yote yalikuwa na serikali au chuo kikuu nyuma yake. Huyu wa Garissa ana mashine ya kuchomelea na mke mwenye subira. Je, haiwezekani NTSA, pamoja na Shirika la Viwango, KEBS, wakaweka herufi moja katika herufi 24 kwa ajili ya magari ya watu wa namna hii? Lipimwe breki, chesisi ivutwe, taa zijaribiwe, na lisilofaa likataliwe bila ya huruma, kwani roho za watu si mchezo. Lakini linalofaa liandikwe kwa jina lake la kweli, kwamba hili limeundwa na fundi, mahali fulani, mwaka fulani. Mimi ningeiona herufi hiyo ni ya fahari kuliko KD yoyote.

Mpaka siku hiyo ifike, fundi amefuata shauri la mzee. Siku ya mwisho ya safari yangu nilimkuta amelala chini ya gari, ana brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa, akisugua kutu ya chesisi. Alisugua tangu alasiri hata karibu na Magharibi. Tarakimu zikaanza kutokea moja moja. Akaniomba nimsomee logibuku ile ya kale, karatasi imelegea kama kitambaa, nami nikamsomea huku yeye akiitikia kutoka chini. Zikaafikiana zote.

Kazi bado ni ndefu. Mwenye jina katika kitabu alifariki zamani, na chesisi aliiuza mwanawe mmoja bila ya kuwauliza wenziwe. Kwa hivyo fundi hana budi kuwatafuta warithi wote, wawili wako Garissa na binti mmoja Isiolo, na mirathi ipite kwa Kadhi kabla ya karatasi kubadilishwa jina. Kisha kuna ukaguzi. Binti wa Isiolo akikataa kutia saini, miaka minne itabaki kiwanjani. Nilimuuliza kama haogopi. Alisema, "Naogopa, Maalim. Lakini namba ya yule aliyeungua ningeiogopa kila nikiona kizuizi, mpaka nife."

Nilipopanda basi asubuhi, tulipita mbele ya karakana. Gari lilikuwa pale pale chini ya mgunga, limegeuza mgongo barabarani. Nafasi ya kibao ilikuwa ingali tupu, na juu yake fundi alikuwa amefunga kitambaa, vumbi lisiingie katika tundu za skurubu.